Château Margaux baada ya 1977: kufufua shamba lililochoka, kwa macho ya Nairobi

Mwaka 1977 mkulima wa kahawa wa Kiambu alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Jalidi ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975, bei ya dunia ikapaa, na huku kwetu kahawa ikawa mali ya kulindwa usiku kucha. Ndiyo miaka ya magendo ya Chepkube, mpakani na Uganda. Mwaka huohuo, katika wilaya ya Médoc karibu na Bordeaux, Ufaransa, Château Margaux, shamba la mizabibu lililohesabiwa kwa zaidi ya karne moja miongoni mwa yaliyo bora kabisa nchini humo lilikuwa likiuzwa kwa sababu wenyewe walikuwa wamelemewa na madeni.

Leo mambo yamepinduka. Mvinyo wa Château Margaux umerudi kileleni, na kahawa ya Kenya, iliyofikia karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88, imeshuka hadi chini ya nusu ya hapo. Ukitoka Nairobi kwenda Ruiru, Juja au Thika unayaona mashamba makubwa yaliyoachwa: mibuni iliyorefuka bila kupogolewa, viwanda vyenye mabati yaliyong'oka, na pembeni mawe ya mipaka ya viwanja. Yapo mengine yanayopata wenyeji wapya, vikundi vya uwekezaji vya mjini au familia zilizopata fedha katika biashara nyingine, na wanaingia kwa nia njema kabisa ya kuyafufua. Nimekaa na baadhi yao mezani. Karibu wote huanza na mazungumzo ya lango, nyumba ya wageni na mtalii atakayekuja kuonja kahawa. Kwa ajili yao nimeona niandike kisa cha Margaux kwa kirefu, kwa kuwa ni mojawapo ya visa vichache vya kufufua shamba ambavyo tunavijua tangu mwanzo hadi miaka arobaini baadaye.

Atakayeuliza mvinyo unahusiana vipi na kahawa, jibu langu ni fupi. Mzabibu na mbuni ni mimea ya miaka mingi. Ukikosea mahindi mwaka huu, mwakani unalima upya. Ukiupuuza mbuni kwa miaka kumi, unayemuuzia shamba anairithi miaka hiyo yote kumi ndani ya mizizi na shina. Na mazao yote mawili huuzwa baada ya mtu kuyaonja, kwa jina la mahali yalikotoka.

Jinsi shamba la daraja la kwanza linavyochoka

Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris wakati wa Napoleon III, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba kwa kufuata bei ambazo mvinyo wake ulikuwa ukipata sokoni kwa miaka mingi. Kwa mvinyo mwekundu ni manne tu yaliyowekwa daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Orodha hiyo haijaguswa ila kidogo sana. Badiliko kubwa lilikuja 1973, Mouton Rothschild lilipopandishwa. Maana yake ni kwamba shamba lingeweza kushuka ubora kwa miaka mingi na bado karatasi ikaendelea kuliita la daraja la kwanza. Naamini hatari ya Margaux ilianzia hapo. Jina likiendelea kuuza, mwenye shamba hapati onyo mapema.

Wenyewe walikuwa familia ya Ginestet, wafanyabiashara wa mvinyo wa Bordeaux, waliokusanya hisa za shamba polepole tangu kipindi cha kati ya vita viwili vya dunia, na kufikia katikati ya karne ya 20 shamba likawa lao. Hawakuwa wageni katika kazi hii. Walijua mvinyo kuliko wengi. Lakini biashara ya familia ya kununua na kuuza mvinyo wa watu wengine, pamoja na shamba lenyewe, zilitegemea bahati moja ya soko. Soko hilo lilipoanguka, liliangukia vyote kwa pamoja.

Na lilianguka kwa kishindo. Mvinyo wa 1972 ulikuwa dhaifu, lakini wafanyabiashara waliununua kwa bei ya kutisha wakidhani bei itazidi kupanda. Mwaka 1973 ukaja msukosuko wa bei ya mafuta, na katika miezi hiyohiyo ikafichuka kashfa ya mvinyo uliouzwa kwa hati za uongo, iliyofikishwa mahakamani 1974. Wanunuzi wakakimbia. Maghala ya Bordeaux yakajaa chupa zilizonunuliwa ghali na zisizo na mteja. Kwa mkulima wa Kenya aliyekuwa hai Julai 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka, hadithi hii haihitaji kufafanuliwa.

Shamba la miti linapokosa fedha, kinachokatwa kwanza ni kile ambacho hakionekani. Hakuna anayeacha kupaka rangi nyumba iliyo mbele ya wageni mpaka amekwisha kuahirisha mengine mengi. Huahirisha kupanda upya sehemu iliyozeeka, kwa sababu mzabibu mchanga hautoi kitu cha maana kwa miaka mitatu ya kwanza. Huahirisha kuzibua mifereji ya kutoa maji ardhini. Huahirisha kununua mapipa mapya, akatumia ya zamani msimu mmoja zaidi, kisha mwingine. La mwisho ndilo baya kuliko yote: huacha kuchagua. Kila pipa lililojaa linahitajika kulipa deni, kwa hiyo kila pipa linaingia chini ya jina lilelile, zuri na baya pamoja. Ladha hushuka taratibu, na anayeionja kwanza ni mnunuzi wa ng'ambo.

Tukipita karibu na shamba lililoota magugu, sisi hupenda kusema mwenyewe ni mvivu. Mara nyingi si kweli. Ukifungua vitabu vya hesabu utakuta shamba lililolipa karo, mikopo ya biashara nyingine na gharama za kesi za urithi, mpaka likakosa mbolea.

Mnunuzi ambaye hakuwa mtu wa mvinyo

Mwaka 1976 kampuni ya Marekani, National Distillers, ilijitokeza kutaka kununua. Serikali ya Ufaransa ikazuia, kwa hoja kwamba shamba hilo ni sehemu ya urithi wa taifa. Ndipo akaja André Mentzelopoulos. Alizaliwa Patras, Ugiriki, akatajirika kwa biashara ya nafaka barani Asia, kisha akahamia Ufaransa na kununua Félix Potin, mtandao mkubwa wa maduka ya vyakula. Mke wake, Laura, alikuwa Mfaransa. Mentzelopoulos alilipa faranga milioni 72, chini ya kile Wamarekani walichokuwa tayari kutoa.

Hakuwa mwenyeji wa Bordeaux na hakuwa mtengenezaji mvinyo. Kuna wanaoona huo kama udhaifu. Mimi naona ndipo nguvu yake ilipokuwa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha zake zilitoka dukani. Shamba lilipata mwenyewe ambaye hakulihitaji limlishe mwaka ule, wala uliofuata. Ya pili ni kwamba, kwa kuwa hakujua, alitafuta anayejua na akamsikiliza.

Aliyemtafuta ni Émile Peynaud, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bordeaux ambaye kizazi kizima cha watengenezaji mvinyo kilimtegemea. Peynaud ndiye aliyewashawishi wakulima wasikimbilie kuvuna kabla zabibu hazijaiva, watupe zilizooza, wadhibiti joto ndani ya matangi, na waelewe uchachu wa pili, ule unaogeuza asidi kali kama ya tufaha bichi kuwa laini kama ya maziwa yaliyoganda. Kabla yake mengi ya hayo yaliachwa yajitokee.

Chini ya ardhi kwanza

Kasri la Margaux ni zuri. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na msanifu majengo wa Bordeaux, Louis Combes, lina nguzo ndefu mbele na njia ndefu iliyopandwa miti pande zote mbili. Familia ya Mentzelopoulos ililikarabati pia, na sisemi walifanya vibaya. Lakini kilichobadilisha mvinyo ni kazi ambayo mgeni hawezi kuipiga picha.

Chukua mifereji. Udongo wa Margaux ni changarawe, na sifa yake ni kupitisha maji haraka ili mizizi ishuke chini kutafuta unyevu. Lakini changarawe hiyo si sawa kila mahali; kuna sehemu zenye mfinyanzi chini yake, na maji yakituama hapo udongo hubaki baridi, zabibu huchelewa kuiva, na mvua ikinyesha karibu na mavuno tunda hunywa maji na ladha yake ikapungua. Kuchimba na kurekebisha mifereji ni kazi ya matope na gharama, na ukimaliza unaifukia. Hakuna cha kumwonyesha mgeni. Matokeo yake utayaona kwenye tangi baada ya misimu kadhaa.

Kupanda upya ni hivyohivyo. Mzabibu huanza kuzaa mwaka wa tatu, ila zabibu za mti mchanga haziwekwi katika mvinyo mkuu wa shamba. Hungojea miaka mingi zaidi, mizizi ikomae. Kwa hiyo mtu anayeng'oa kipande kilichozeeka anapoteza hata kile kidogo kilichokuwa kikitoka, halafu anasubiri muda ambao baadhi ya wabia wake hawatakuwapo kuuona ukiisha. Mentzelopoulos alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini alipoamua hivyo.

Mapipa nayo. Mvinyo mkuu wa Margaux hukaa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225 kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mapipa hayo sasa ni mapya yote kila msimu. Pipa jipya hugharimu, na kila moja linatoa chupa kama 300 tu. Shamba lina mafundi wake wa kutengeneza sehemu ya mapipa hayo. Huku kwetu sawa na hilo ni matangi ya kuchachushia na vitanda vya kukaushia kahawa: ukiwa na tangi lenye nyufa au wavu uliotoboka, uangalifu wote wa shambani unaishia pale kiwandani.

Mapipa yaliyonyimwa jina

Ningetaka msomaji asahau yote mengine abaki na hili. Baada ya mavuno, zabibu za kila kipande cha shamba hutengenezwa mvinyo peke yake. Inapofika majira ya baridi, tangi kwa tangi, watu huketi wakaonja na kuamua: hili litaitwa Château Margaux, lile hapana. Lililokataliwa huenda kwenye mvinyo wa pili, Pavillon Rouge. Jina hilo lilikuwapo tangu 1908, likaachwa kwa miongo kadhaa, na wenyeji wapya ndio waliolirudisha mwishoni mwa miaka ya 1970.

Linaonekana jambo dogo la lebo. Hebu lipige hesabu. Tuseme una mapipa mia moja na deni. Ukiyauza yote kwa jina kuu, unapata fedha kamili leo. Ukiyanyima jina arobaini, arobaini hayo utayauza kwa bei ya chini sana, na mapato ya mwaka huu yanashuka wazi mbele ya mhasibu wako. Faida yake ni kwamba yale sitini yanaonjwa vizuri zaidi, na baada ya misimu michache bei ya sitini inaweza kupita ile ya mia. Inaweza. Hakuna aliyekuahidi. Mwaka wa kwanza na wa pili unachokiona ni hasara tu, na ndiyo maana mtu mwenye deni hawezi kufanya uamuzi huu hata kama anaujua kwa moyo. Mentzelopoulos aliweza kwa sababu ya maduka ya vyakula.

Uchaguzi huo haujalegea tangu hapo. Umekuwa mkali zaidi. Miaka ya karibuni ni kiasi cha theluthi moja tu ya mavuno inayopata jina la Château Margaux. Kuanzia mavuno ya 2009 hata Pavillon Rouge umechujwa, ukatolewa mvinyo wa tatu chini yake. Ardhi ni ileile, zaidi ya hekta 80 za mizabibu ya mvinyo mwekundu, lakini chupa zenye jina kuu zimepungua. Shamba limekua kwa kuuza kidogo.

Katika kahawa uchaguzi huanza mapema zaidi, mkononi mwa mchumaji. Tunda jekundu lililoiva na tunda lenye rangi ya kijani hukaa kwenye tawi moja, na mchumaji anayelipwa kwa debe, kwa bei ileile vyovyote atakavyochuma, atayavua yote kwa pamoja. Ukitaka achague, lipia kuchagua kwake. Kisha kiwandani, yanayoelea majini yatolewe, mabichi yatengwe, na loti, yaani fungu la kuuzwa, ya kila kipande ibaki peke yake mpaka ionjwe. Mnadani Nairobi kahawa huuzwa kwa loti na daraja, AA, AB, PB na kuendelea, na mnunuzi anajua loti imetoka shamba gani. Kwa hiyo jina linajengeka au linabomoka kila wiki ya mnada. Shamba lililofufuka lina haki ya kuiambia loti dhaifu: wewe utauzwa, lakini bila jina letu.

Mwaka 1978, na bahati

Uchambuzi wa haki hauwezi kuficha kwamba hali ya hewa iliwabeba. Mavuno ya kwanza ya mwenyeji mpya, ya 1977, yalikuja katika mwaka mbaya Bordeaux nzima: jalidi ya majira ya kuchipua, kisha kiangazi cha baridi. Mwaka 1978 nao ulianza vibaya, maua yakachelewa, watu wakakata tamaa. Halafu jua likawaka kuanzia mwishoni mwa kiangazi mpaka Oktoba, na zabibu zikaiva dakika ya mwisho. Margaux ya 1978 ilipoonjwa, waandishi na wafanyabiashara walikubaliana kwamba shamba limerudi.

Msimu mmoja hauoteshi mizizi mipya. Mizabibu iliyozaa 1978 ilikuwa ileile ya Ginestet. Kilichobadilika katika muda mfupi kiasi hicho ni uchaguzi, usafi, mapipa na mtaalamu aliyesikilizwa. Kwangu hiyo ni habari njema kwa mtu aliyenunua shamba lililochakaa: sehemu ya ubora iliyopotea haimo ardhini. Imo katika maamuzi, na maamuzi unaweza kuyabadilisha kabla miti haijapona. Lakini uwe na kifua cha kuvumilia 1977 yako kwanza. Kama jua la 1978 lisingewaka, mradi ungekuwa sahihi vilevile na watu wangemcheka Mgiriki yule mwaka mmoja zaidi.

Binti wa miaka 27

André Mentzelopoulos alifariki Desemba 1980, chini ya miaka minne baada ya kununua. Hapa miradi mingi hufa pamoja na mwenye ndoto. Binti yake Corinne, aliyezaliwa 1953, alichukua usukani akiwa na miaka 27. Hakusomea kilimo. Aliendeleza yaleyale: Peynaud akabaki, na ghala kubwa la chini ya ardhi kwa ajili ya mvinyo wa mwaka wa pili likakamilika 1982, la kwanza la aina yake na ukubwa huo huko Médoc. Mwaka 1983 akamwajiri Paul Pontallier, kijana mwenye umri huohuo wa miaka 27, aliyekuwa ameandika tasnifu ya udaktari kuhusu mvinyo unavyokomaa ndani ya pipa. Pontallier alipewa uongozi wa shamba 1990 na akaendelea mpaka alipofariki Machi 2016. Miaka zaidi ya thelathini, mtu mmoja, ardhi moja.

Umiliki wenyewe haukutulia muda wote huo. Katika miaka ya 1990 familia ya Agnelli, wenye Fiat, ilishika hisa nyingi, na 2003 Corinne akazinunua ili shamba lirudi mikononi mwake. Walioweka fedha walibadilika. Walioonja na kuchagua hawakubadilika. Nikiulizwa kwa nini ubora wa Margaux haukuyumba wakati hisa zilipokuwa zikihama, sina jibu jingine lenye nguvu kama hilo. Mwaka 2015 jengo jipya la kutengenezea mvinyo, lililochorwa na Norman Foster, lilifunguliwa. Ilikuwa miaka 38 tangu ununuzi. Jengo la kuonyesha lilikuja mwisho.

Naomba wabia wa Nairobi walitazame hilo kwa makini. Vikundi vyetu hubadilisha meneja kila misimu miwili, kwa kawaida baada ya mvua mbaya ambayo meneja hakuileta. Anayeingia anaanza kujifunza upya kipande kipi hukauka haraka na kipi hushikwa kwanza na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya mbuni. Na wazee wa shamba, wale nyapara na wachumaji waliozaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, huachishwa kazi siku ya makabidhiano kama sehemu ya "kusafisha". Wanaondoka na ramani nzima ya shamba vichwani mwao.

Kinachovuka bahari na kisichovuka

Si kila kitu cha Margaux kinapandikizika Kiambu. Jina lilikuwa limelala, halikuwa limekufa. Daraja la 1855 lilimngoja mnunuzi. Na miaka ya 1980 ilileta utajiri mpya katika soko la mvinyo, hasa kutoka Marekani, baada ya mavuno mazuri ya 1982. Aliyewekeza 1977 alikuta mlango ukifunguliwa.

Tofauti kubwa kuliko zote ni ardhi. Margaux ina sheria ya jina la asili tangu 1954: zabibu za nje ya mipaka iliyopimwa haziwezi kuitwa Margaux. Kwa hiyo hekta yenye mizabibu huko ina thamani kubwa kuliko hekta ya nyumba. Kwetu ni kinyume. Shamba la Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, lililokuwa juu mno na baridi mno kwa kahawa, liliuzwa 1931 likakatwa viwanja, na leo ni mtaa wa Karen. Mji mpya wa Tatu City unajengwa palipokuwa kahawa. Kila asubuhi mwenye shamba la Ruiru anajua kwamba akiacha kilimo anaweza kupata fedha nyingi kwa saini moja. Mlango huo ukiwa wazi, wafanyakazi wanaujua, benki inaujua, na wabia wanaujua. Hakuna anayechimba mfereji wa kudumu mahali ambapo huenda kesho patapita barabara ya lami ya nyumba za kupangisha.

Kwa sababu hiyo ninaamini uamuzi wa kwanza wa mnunuzi wa Nairobi ni wa kisheria, kabla hata ya jembe. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya ardhi kabla ya kuhama mikono. Kagueni hilo, muda uliobaki wa hati kama ni ya kukodishwa, na kibali cha kuchota maji mtoni. Kisha wabia waandikiane wao kwa wao kipande gani hakitabadilishwa matumizi na kwa misimu mingapi. Kama sehemu ya pembezoni itauzwa viwanja ili kulipia ufufuaji wa iliyobaki, iandikwe tangu mwanzo, mpaka uwekwe, na yaishe. Hilo si aibu. Mentzelopoulos alikuwa na maduka. Wengine watakuwa na ekari tano za kuuza kando ya barabara. Aibu ni kujifanya mnalima kahawa huku mkisubiri dalali.

Baada ya hapo ndipo udongo. Udongo wetu mwekundu wa volkano ni wa kina na hupitisha maji vizuri, kwa hiyo tatizo la Margaux la maji kutuama si la kwanza kwetu. La kwanza kwetu kwa kawaida ni asidi kuzidi udongoni, baada ya miongo ya mbolea za viwandani bila chokaa wala samadi. Udongo upimwe kipande kwa kipande kabla ya kununua gunia hata moja la mbolea. Mbuni katika udongo wenye asidi kali hauli unachomwekea. Kisha mti wenyewe. SL28 na SL34, aina zilizochaguliwa na Scott Laboratories miaka ya 1930, zina ladha inayotafutwa duniani, na mti wake hata ukiwa mzee unaweza kukatwa hadi kisiki ukalea machipukizi mapya. Utapoteza mazao ya kipande hicho kwa takriban miaka miwili. Wanunuzi wengi wapya hukimbilia kung'oa yote na kupanda Ruiru 11, iliyotolewa 1985, au Batian ya 2010, kwa kuwa zinastahimili chulebuni na kutu ya majani. Ni aina nzuri na zina mahali pake, hasa penye mapengo. Lakini kung'oa SL28 yenye mizizi hai kabla ya kujaribu kisiki ni kutupa kitu ambacho fedha hairudishi upesi.

Kateni visiki kwa zamu, robo moja ya shamba au chini ya hapo kila mwaka, ili kiwanda kisilale na wachumaji wasitawanyike. Na fedha za kulipia miaka hiyo ziwe zimekwisha wekwa kando, katika akaunti ambayo kahawa haichangii na ambayo hakuna mbia anayeweza kuigusa kwa harusi wala kampeni. Tangu 2023 malipo ya mnada hupitia mfumo wa kumlipa mkulima moja kwa moja, na hilo limepunguza mikono ya katikati; halijapunguza haja ya kuwa na mfuko wa kungojea.

Huyo mtalii wa kuonja kahawa atafika, na nyumba ya wageni itajengwa. Kwa sasa tafuteni meza, maji ya moto na vikombe, mwite mwonjaji anayejitegemea, muonje loti za vipande vyote bila kujua kipi ni kipi, na muandike kabla ya kuanza ni alama ngapi chini ya hapo loti itanyimwa jina. Halafu saini za wabia wote ziwe chini ya karatasi hiyo kabla ya matunda ya kwanza kuiva.